Kwa Boucher Hapana Fungu ya Mutajiri

Hapana, ndugu yangu, hapo hapana. Weka ile chupa chini kwanza, unisikie. Unasema Boucher alikuwa mutu wa mudomo tu, mukomunisti ya soko, mwenye aliona bunduki akakimbilia Mavivi kuuzisha mboga ya poireaux kando ya barabara. Na hawa benye banakaa hapa banacheka. Muache kucheka. Mimi nilisimama mbele ya meza yake tangu nilikuwa navaa pantalon fupi. Mambo ya siasa yenye ninajua, na ya comédie, na ya bezi, benye banaibaka, nilisomea pale, hapana ku université. Kama kuko mutu mu hii Butembo mwenye anaweza kumusema, ni mimi. Donc sikia.

Jina yake sitaitaja. Hata yee mwenyewe hakuipenda sana, alisemaka jina ni kitu ya kuandika ku kadi na ku musalaba ya kaburi, mais kazi njo inaonyesha mutu. Batu bote tulimuita Boucher, muchinja nyama. Bibi yake, Mama Boucher. Mbwa yake, mbwa ya Boucher, na ile mbwa ilikuwa mukonde kupita mbwa zote za soko, juu Boucher alikatala mbwa ikule mbele ya batu benye banasimama mu rang, mu mustari ya kungojea nyama.

Kweli alipoteza meza yake. Sikatai. Na meza ku upande ya nyama, ku soko yetu, haiko mbao tu. Ni kama shamba. Baba anaiachia mutoto, na mutu akiipoteza, batu banamuangalia kama mutu mwenye balimufukuza kwabo. Yee aliipoteza, na hadi leo hakuna mutu anafanyia kazi pale. Nitakuambia juu ya nini. Mais kwanza ujue ni mutu gani alikuwa nasimama nyuma ya ile meza, juu wewe unaongea kama vile ulimujua, na haukumujua.

Baboucher bengine, unawajua. Mutajiri akifika, file, ile nyama laini, inatoka chini ya meza, imefungwa bizuri mu jani ya ndizi. Mama wa shamba akifika, anapewa mufupa na mafuta, na banamuambia asante Mungu. Kwa Boucher, hapana. Asubuhi alikatakata ngombe yote, alichanganya: file, mufupa, matumbo, kipande ya maini, ngozi ya kichwa. Kisha alipanga mafungu ku meza, yote sawasawa, na hakuna mutu alichagulaka. Unafika, unachukua yenye iko mbele. Basi.

Kulikuwa mama moja mutajiri, magari yake ilikuwa inaenda hadi Mombasa na kurudia. Alishuka mu Jeep, akaomba file, file tupu. Boucher akamujibu kwa heshima yote kama ile ngombe, wakati ilikuwa nakula majani, haikupata habari ya kama mama iko na Jeep. Yule mama alikasirika hadi kofia ilipinda. Alisema hatarudia pale hata siku moja. Kila posho, kila samedi, alirudia. Alikuwa na nyumba na ghorofa, na bapishi, na bote mu nyumba balimuitika ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi nafikiri alikuja kutafuta mutu wa kubishana naye. Alichukua fungu yake na matumbo ndani, akaenda anasonya.

Sasa usiniambie alikuwa malaika. Mu ile ngombe yote, kitu moja haikuingiaka mu mafungu: lulimi. Lulimi alijiwekea. Kila siku. Batu balimuambia: Papa Boucher, wewe mwenye unasema nyama ni ya batu bote, na lulimi? Alijibu bila haya kama lulimi haiko nyama, ni outil, chombo ya kazi, na mufanyakazi iko na haki ku outil yake. Hiyo hakuna mutu aliweza kumushinda. Mama Boucher peke njo alimushinda. Yule mama alikuwa Muprotestanti, anaimba mu chorale pamoja na mama yangu, na mu nyumba yabo yee njo alikuwa opposition. Alimuambia mbele ya bageni kama socialisme yake inaishiaka ku mulango: ku soko mafungu sawa, ku nyumba sahani ya Papa iko mulima na ya batoto iko bonde. Kuanzia ile siku balichanganya sahani mbele ya kukula, na Boucher aliita chakula ya mangaribi "congrès ya chama", na alisema mu hii chama anashindwa vote kila siku, mais hawezi kutoka juu njo chama yenye inapikaka.

Yee alikuwa Mukatolika. Misa hakukosa. Mais alikaa karibu na mulango, ili padri akianza kusema tutii bakubwa, yee atoke kuangalia mvua kama inakuja.

Batajiri wa Butembo aliwatukana kutwa, na bale bale batajiri bakichanga kutengeneza barabara, yee alikuwa wa kwanza ku salongo, ile kazi ya batu bote, na pauni yake ya udongo, anachimba, anaimba. Nilimuuliza siku moja kama hajichanganye. Alisema: sifu barabara, mwenye aliitengeneza atajisifu yee mwenyewe.

Na siasa. Unakumbuka ile wakati, tulikuwa na serikali yetu ya rebellion kule Beni, na kila mutu mwenye alipata cravate alikuwa ministre. Boucher alitundika radio yake ku ndoano, katikati ya mapaja mbili ya ngombe, imefungwa na mupira ya chambre à air ya pikipiki. Sisi tulisimama pale kusikia habari za ng'ambo, na damu inatutonea ku biatu. Ministre wa barabara alipita siku moja, amekaa nyuma ya pikipiki, cravate imepepea hadi ku mugongo, matope hadi ku meno. Boucher akavua kofia akamusalimia: Excellence, ututengenezee barabara ao utuachie pikipiki. Ministre alicheka. Bale baministre, nyama nayo balinunua kwa Boucher, na balisimama mu rang kama batu, lazima niseme ukweli.

Wakati ya kila makubaliano ya amani, radio ilisema sasa imeisha. Sisi tulishangilia. Boucher aliendelea kukata. Alisema bukubwa ya bunduki ni kama maini: inaiva mbio, na inaharibika mbio, na hakuna mutu anaweza kuilaza hadi kesho.

Nakumbuka mwanafunzi moja alikuja na maneno ya bitabu, anamuuliza kama gauche yake, ile kushoto ya siasa, ni gauche gani. Boucher hakuwa na maneno ya bitabu. Alionyesha mikono yake, na damu. Alisema: "Ya kuume inashika kisu. Ya kushoto inashika nyama. Batu bote banasifu ya kuume. Mais kisu ikiteleza, ni gani inakatika? Mimi niko upande ya yenye inakatikaka." Na kweli ile mukono yake ya kushoto ilikuwa na alama kama barabara ya Manguredjipa wakati ya mvua.

Comédie, alikuwa na sheria kali kupita ya tribunal. Siku ya yenga, kisha misa ya pili, bavijana ba paroisse balichezaka masketch mu salle. Kulikuwa comédien moja, kijana wa hapa, batu balimupenda sana. Sketch yake kubwa ilikuwa ya mukulima wa Masereka mwenye anafika mu muji kubwa, anaingia mu ascenseur, ile sanduku ya kupandisha batu ku ghorofa, anafikiri ni chumba ya kulala, anavua biatu. Salle yote inaanguka. Boucher anakaa kama mutu iko ku kilio. Batu bakitoka, akamuita yule comédien, akamuuliza kwa upole ascenseur aliionaka wapi. Kijana akasema ku filme. Boucher akamuambia: "Donc na wewe ulivua biatu."

Alimuelezea kama kuchekesha ni kupanda mulima. Ukitupa jiwe ku mwenye iko chini yako, inafika tu, hata mutoto anaweza. Tupa ku mwenye iko juu, na ujue kukimbia. Kijana alikasirika wiki muzima. Kisha akarudia, na tangu pale kila sketch mupya ilianza mbele ya meza ya nyama. Kama kicheko ilienda kwa mulemavu, ao kwa mujane, ao kwa mukimbizi, Boucher alipiga meza na panga kwa upande ya bapa, pa, na ile sketch imekufa.

Yee mwenyewe alikuwa na numero moja tu, mais ile numero ilijulikana hadi Lubero. Alifanyaka soda, askari wa jeshi, ku barrière ya barabara, mwenye anasimamisha kuku. Alipindisha kofia, akaweka mufupa ya paja ku bega kama bunduki, akamuuliza kuku kwa Lingala feuille de route, karatasi ya safari, iko wapi, na juu ya nini inatembea na mabawa bila ruhusa ya aviation. Kisha anakuwa kuku. Namna ile kuku ilikuwa inaangalia na jicho moja, inajibu kwa Kinande, inaapa kwa mama yake, sitaweza kukuambia. Basoda benyewe balikuja kumuomba aifanye. Hata Commandant, yule mwenye alikuwa mukubwa wa basoda mu muji ile myaka, alikuja siku moja na walinzi, akacheka hadi akashika meza. Alikuwa mutu wa akili, ile Commandant. Hakuwa mujinga. Ukumbuke ile.

Bezi. Hapa njo munamusema mubaya, munasema alipenda bezi. Sikia namna ilikuwa. Balikamata kijana na mbuzi ya mutu, karibu na soko. Wewe unajua namna inakuwaka kwetu: mutu anapiga kelele moja, na mupira ya gari inafika mbio kupita polisi. Ilifika. Ilikuwa mu shingo yake tayari, na mutu anatafuta mazutu ya kumuwashia. Boucher akatoka na tablier yake ya kuchinjia na panga, batu bakafikiri anakuja kusaidia kumaliza. Akasimama mbele ya yule kijana akaomba neno moja kabla bamuchome. Akasema yee anatoaka mbuzi Masereka, na kila barrière anatoa kitu, akifika hapa mbuzi imebaki pembe. Huyu iko na mbuzi nzima. Amepita wapi? Muache kwanza atuonyeshe njia, kisha muchome.

Mutu moja akacheka. Kisha mama moja. Kisha bote. Na batu benye banacheka hawachome mutu, mikono haina nguvu. Balitoa mupira. Mwenye mbuzi alichukua mbuzi yake. Na Boucher akamupa yule kijana kazi ya kuosha matumbo ku mutoni, mbele ya batu bote, kwa mwezi, na kila mutu mwenye alipita alimutukana kidogo, na ilikuwa sawa, alistahili. Alifanya kazi bizuri. Kisha, siku ya mwisho, akaiba kisu ya Boucher.

Tulimuchekelea Boucher hadi machozi. Yee akafikiri, akasema: mbele aliiba mbuzi ya kukula, sasa anaiba outil ya kufanyia kazi, donc kunakuwa progrès. Na kweli tulisikia baadaye kama yule kijana ameanza kuchinja mbuzi ya batu ku masherehe, na kisu ya Boucher. Ukimuuliza Boucher mwizi ni nani, alikuonyesha barabara, upande ya barrière. Alisema mwizi mwenye tunamuchoma ni ule mwenye hakupata bunduki.

Sasa meza. Fungua masikio.

Ile wakati vita ilikuwa imeshuka upande wa Luofu, batu kule banakimbia na magodoro ku kichwa. Asubuhi moja, ngombe zikaingia mu muji. Mingi. Zilikuja kwa miguu, basoda njo bachungaji, hawajui kuchunga, banazipiga ku macho. Baboucher bote baliitwa ku machinjio. Mimi nilikuwa pale, nilifuata kuona. Commandant alisimama juu ya jiwe, akaeleza kama hii ngombe ni ya jeshi, kila boucher atachukua yake, bei iko chini kabisa, ili batu bakule. Alisema bizuri. Baboucher balianza kuchagua.

Boucher alizunguka ile ngombe, moja, ingine. Aliweka mukono chini ya tumbo ya moja. Maziwa ilikuwa inatona yenyewe. Na zilikuwa zinalia, ndugu, zote zinageuza kichwa upande wa barabara yenye zilitoka, zinalia. Kwetu hakuna mutu hajui hii. Ngombe mwenye iko na mutoto wa kunyonya, hauuzishe. Unauzisha dume. Unauzisha mbuzi, unauzisha kitanda. Mutu akileta mama wa maziwa ku soko, bazee banamuuliza kwanza ni nani amekufa kwabo. Baboucher bote balijua. Mimi nilijua. Tulikuwa tunangojea tu kuona kama hakuna mutu atasema.

Akasema yee. Hakupandisha sauti. "Hizi zinalia batoto. Ni nani wa Luofu anauzishaka mama mwenye ananyonyesha?"

Commandant alicheka. "Papa Boucher, ni comédie tena?"

"Hapana, Commandant. Leo sichekeshe."

Sasa ona akili ya yule mutu. Akashuka ku jiwe, akamukaribia kama rafiki, akamuambia mbele ya bote: "Si wewe njo unasemaka nyama ni ya batu bote? Batu iko na njaa. Mimi naleta nyama ya batu bote, wewe unakatala. Donc gauche yako iko wapi?"

Nilifikiri amemushika. Baboucher balianza kucheka kidogo, kicheko ya woga. Boucher alipangusa maziwa ku tablier yake.

"Ya batu bote, ndiyo," akasema. "Na ba Luofu ni batu."

Akatoka. Mikono tupu.

Ile siku na zenye zilifuata, Butembo yote ilinuka nyama. Kila jiko. Batu benye balikuwa banaonaka nyama ku Noeli tu, balikula asubuhi na mangaribi. Boucher alikuja ku meza yake kama kawaida. Hakukuwa na ngombe ingine ya kununua, barabara zote zilikuwa za jeshi. Akaosha meza. Akanoa kisu. Akaanza kukata hewa, akapanga mafungu ya hewa, sawasawa, anaita bakiriya: njoni, leo hakuna mufupa. Batu balicheka sana. Balicheka, kisha balipita, na nyama ya Commandant chini ya mukono mu jani ya ndizi. Bakiriya yake bote. Bamama ba shamba, mwanafunzi wa gauche, comédien. Hata mwizi yetu nilimuona mu rang kwa boucher mwingine, anatoa pesa yake bizuri, na nilifikiri: angalia, leo mwizi ananunua, na muji njo inakula ya wizi.

Boucher aliwaona bote. Niliangalia uso yake. Hakukasirikia mutu. Aliendelea kupanga hewa, mais polepole, na mangaribi hakufanya tena sauti.

Commandant akasikia ile ya meza ya hewa, na hiyo haikumuchekesha. Ya ngombe alikuwa amevumilia, mais batu bakuje kucheka ku meza tupu kila siku, hiyo hapana. Balikuja kumuchukua. Balimulaza mu cachot, gereza yabo, na akitoka alisema mule ndani kulikuwa socialisme ya kweli: bote chini, bote na chawa, hakuna mwenye blanketi. Mais alitoka amepunguka jino moja, na ile hakuelezea. Balipiga misumari ku meza yake, balisema asionekane tena ku soko. Baboucher, bandugu zake za kazi, hakuna moja aliomba neno. Hakuna. Balinoa bisu. Mama Boucher njo alisema twende. Balipanda camion ya mbao na radio na ile mbwa mukonde, na basi. Wewe unaita ile kukimbia.

Sasa ya Mavivi, juu uliongea ya poireaux.

Myaka ilipita. Balitengeneza serikali ya pamoja, Commandant akaenda Kinshasa kuwa mukubwa kupita, na muji ikapumua. Mimi nilipata kazi ya kupokea bintu ya mutajiri moja ku ndege, ku Mavivi. Baboucher balisikia, balinikujia. Balikuwa na haya, balinivuta kando. Balinituma nimuambie Papa Boucher kama meza iko, misumari bamengoa, akuje, hakuna mutu atamukatalia.

Nilimukuta kando ya barabara ya kwenda ku aviation, ku kiwanja ya ndege. Ndiyo, na poireaux. Na karoti, na chou, yenye camion ilishusha kutoka upande wa Masereka. Mvi ilikuwa imemaliza kichwa. Bibi wa soda moja alikuwa anamupigia kelele kama mu fungu yake kuko karoti za kupinda, na yee anamuelezea kama udongo haikuuliza mutu atakula ni nani. Nilisimama pale. Aliniona, akauliza mbio kama ile comédien iko hai, na kama anatupa majiwe juu ao chini. Nikasema sasa iko radioni, anasifu bakubwa. Akasonya. Mama Boucher akaniletea bundu na sombe, majani ya muhogo, akaulizia mama yangu na chorale.

Nikatoa message. Meza iko. Ukuje.

Alinionyesha muzee moja, amekaa karibu, juu ya bidon, anasuka kamba. Alivaa koti ya mvua na jua ilikuwa kali. Boucher akaniambia kwa sauti ya chini kama yule ni wa Luofu. Alikimbia na bajukuu, akafika hadi hapa, sasa ni jirani, banakula pamoja. Siku ya kwanza alisikia kama Boucher alikuwa na meza Butembo, akamuuliza kama alionaka ngombe zake. Alizieleza moja moja: yenye iko na pembe ya kuvunjika, yenye inapenda chumvi, yenye ilikuwa imezaa ile juma.

"Nilimuambia sijui," Boucher akasema. "Mimi, mwenye hawakuweza kunifunga mudomo. Nilimudanganya muzee. Na kila asubuhi ananisalimia."

Nikamuambia si kosa yako, wewe haukuikula. Akasema anajua. Akasema Commandant hakumuogopesha, Commandant ni mutu moja, anakuja, anaenda Kinshasa. Akasema yenye ilimuvunja ni rang.

Nikauliza nijibu nini kwa baboucher. Alishika poireau moja, anaitoa udongo na kidole.

"Nitarudia," akasema. "Mais mutu moja wa Butembo akuje hapa kwanza. Boucher, mukiriya, mutu yeyote. Hapana mbuzi ya malipizi. Hapana pesa. Akae chini na muzee, amuambie: tulizikula. Basi. Kisha tutapanda camion pamoja."

Mutu moja tu, ndugu. Niliona ni kitu kidogo. Nilirudia Butembo na furaha, nilifikiri nitabeba batu hadi camion ijae.

Nikaanzia kwa baboucher. Wa kwanza akasema yee ile juma alichinja tu, mudomo yake haikugusa. Wa pili alikuwa naumwa tumbo ile juma. Mwanafunzi wa gauche, sasa iko na bureau, alikuwa Masereka kwa matanga ya shangazi. Comédien alikuwa mu régime, docteur alimukataza nyama. Yule mama wa Jeep alisema kwake balikulaka kuku. Bamama ba shamba balisema ilikuwa carême, wakati ya kufunga nyama. Nikasema mama, haikuwa carême. Bakasema kwabo ilikuwa. Hata mwizi, yule, nilimukuta ku arusi anachinja, akaniambia yee alinunua, ndiyo, mais alimupatia jirani. Na jirani nilienda kumuona: alikuwa amehama.

Kwetu tulikula sombe ile juma yote, mama yangu alikatala nyama isipite ku mulango, unaweza kumuuliza. Donc mimi siwezi kwenda kumusemea yule muzee kitu yenye sikufanya. Nimezunguka hii muji quartier kwa quartier. Ngombe zilijaza barabara, zimeisha zote, mifupa mbwa zilibeba, na hakuna mutu alikula. Boucher angali pale Mavivi, anangojea, na meza iko na vumbi.

Na wewe mwenye unamuita mwoga, wewe ulikuwa hapa. Ile juma, kwako mulikula nini?